Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwaka wa Majivu na Daftari la Atiya

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake pasi na kutaka ujira kwao, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, hiki ni kipande katika maisha ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Khalifa wa pili, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie. Habari za vita vya zama zake na miji iliyofunguliwa zimeandikwa sana, na hata watoto wa chuoni wazijua. Zisizosomwa sana ni habari za mali: alivyowagawia watu mwaka wa njaa na baada yake, na alivyoihisabu nafsi yake juu ya mali hiyo. Basi humo ndimo yatakamokuwa maneno haya.

Sayyidna Umar alizaliwa Makka, kadiri ya mwaka 584 wa Miladi, katika Kureshi, mlango wa Bani Adi. Babaye alikuwa mtu mkali, naye alipokuwa kijana alimchungia ngamia katika bonde la Dajnan, akichoka akipigwa, na akifanya upungufu akipigwa. Hata alipokwisha kuwa Khalifa alipita mahali pale siku moja, akasimama akawakumbusha wenziwe hali yake ya zamani, kisha akashangaa kwamba leo hapana mtu baina yake na Mola wake. Mtu aliyeionja njaa ya mchungaji haisahau. Alisilimu mwaka wa sita wa Utume, akahamia Madina, akawa pamoja na Mtume katika vita vyote vikubwa. Akashika ukhalifa mwezi wa Mfunguo Tisa mwaka 13 wa Hijra, nao ni mwaka 634, baada ya kufa Sayyidna Abubakar.

Alikuwa mfanya biashara. Ukhalifa ulipomshughulisha na biashara yake, aliwataka shauri masahaba juu ya kiasi alichohalalishiwa katika mali ya Waislamu. Kilichokata shauri ni nguo mbili, moja ya kipupwe na moja ya kaskazi, na mnyama wa kumchukua katika Hija na Umra, na chakula chake na cha watu wa nyumbani kwake kama cha mtu wa kati katika Kureshi, si tajiri wala si fakiri. Akaifananisha nafsi yake na msimamizi wa mali ya yatima: akiwa na chake ajizuie, na akiwa mhitaji ale kwa wema. Mfano huo na ushikwe, kwa kuwa mambo yote yatakayokuja yanatoka humo.

Mwaka 18 wa Hijra, nao ni mwaka 639, mvua ilikatika katika Hijazi na Najdi. Ardhi ikakauka, upepo ukawa ukirusha vumbi la rangi ya majivu, na kwa hiyo Waarabu wakauita Mwaka wa Majivu. Ukame ulikaa kadiri ya miezi tisa. Wanyama wakafa, na aliyechinja mbuzi wake huenda hakuweza kumla kwa jinsi alivyokonda. Na mwaka huo huo tauni ya Amwas iliwaua watu wengi wa Sham. Watu wa mabadiya wakaacha malisho yao, wakatelemkia Madina, wakapiga mahema pande zote za mji. Mji wa Madina ulikuwa mdogo, wenye mitende yake na visima vyake, na wageni hao wakawa wengi kuliko wenyeji.

Sayyidna Umar alitoa vilivyokuwamo katika Baitulmali hata vikakaribia kwisha. Kisha akawaandikia maliwali wake barua za mkato, maneno machache yenye ukali ndani yake, akiwauliza kama wataridhi yeye na walio naye waangamie nao wao na walio nao waishi. Wa kwanza kufika, katika riwaya mashuhuri, ni Bwana Abu Ubaida bin Al-Jarrah kutoka Sham, na ngamia 4,000 waliopakiwa chakula. Sayyidna Umar alimpa kazi ya kukigawa kwa waliozunguka Madina, na alipokwisha akamwamuru apewe dirhamu 4,000. Abu Ubaida alikataa, akasema hakuifanya kazi ile ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Na Sayyidna Umar akamhimiza azipokee kwa kuwa hakuziomba, kama yeye mwenyewe alivyofunzwa na Mtume siku za nyuma. Muawiya naye alileta ngamia 3,000 wenye unga na majoho 3,000, na Saad bin Abi Waqqas akaleta kutoka Iraki ngamia 2,000 wenye unga. Yatajwa pia kwamba Amr bin Al-Aas alipeleka ngamia 1,000 kwa njia ya bara na majahazi 20 kwa bahari kutoka Misri. Lakini Misri ilifunguliwa baada ya mwaka huo, na lililo karibu na usawa ni kwamba habari ya majahazi ni ya miaka iliyofuata, wasimulizi wakaichanganya.

Misafara ile hakuingoja iingie mjini. Alipeleka watu waende kuilaki mipakani, wawageuzie njia ngamia waelekee mabadiya, wawape watu unga wale, wawachinjie ngamia wenyewe, na wawavike majoho. Maana aliye mbali na mwenye udhaifu hawezi kuja mjini kushika safu.

Ama pale Madina alipanga kazi kwa namna ambayo mtu akiisoma leo ataona kwamba haikuwa sadaka ya kutupa mkononi tu. Kila upande wa mji aliuwekea mtu wa kuangalia waliotelemka huko. Miongoni mwao ni Al-Miswar bin Makhrama, na Abdulla bin Utba, na Abdurrahman bin Abdi Al-Qari. Jioni hukutana naye, kila mmoja akatoa habari ya upande wake: wangapi wamekuja, wangapi wagonjwa, wangapi wamekufa. Vyungu vilikuwa vikiinjikwa kabla ya alfajiri, wapishi wakisonga ugali wa unga kwa mafuta. Usiku mmoja aliamuru wahisabiwe waliokula mezani kwake, wakapatikana watu 7,000; na wasioweza kufika, wagonjwa na watoto na wanawake, wakahisabiwa 40,000. Baada ya siku chache wakahisabiwa tena: waliokula 10,000, na waliopelekewa 50,000. Haja ya kuwahisabu ilikuwa ni chakula kisipunguke wala kisipotee. Mauti nayo yalikuwa yakihisabiwa. Wagonjwa waliuguzwa kwa mali ya Baitulmali na maiti wakavikwa sanda kwa mali hiyo, naye akiwasalia mwenyewe. Na msimulizi mmoja aliyekuwako katika kabila lake aliona kwamba thuluthi mbili ya watu wake walikufa, ikabaki thuluthi moja. Msaada ule ulikuwa mkubwa, na juu ya hivyo haukumfikilia kila mtu.

Kisa cha mama na watoto wake na chungu cha maji matupu chajulikana na kila mtu, basi hapana haja ya kukirudia. Kiko kingine, alichokihadithia Abu Huraira, nacho ni cha mwaka huu wa majivu khasa. Alimwona Sayyidna Umar amebeba magunia mawili mgongoni, na mkononi ana chombo cha mafuta, na mtumishi wake Aslam wanapokezana. Abu Huraira akafuatana nao akibeba kwa zamu, hata wakafika mahali panapoitwa Sirar. Pale palikuwa na nyumba kadiri ya ishirini za watu wa Muharib. Walipoulizwa kilichowaleta wakajibu kuwa ni mashaka, wakatoa ngozi ya mzoga iliyochomwa waliyokuwa wakiila, na mifupa iliyooza waliyoisaga wakawa wakiibwia. Sayyidna Umar alilitupa joho lake, akajifunga shuka yake, akawapikia hata wakashiba. Kisha akamtuma Aslam Madina kuleta ngamia, akawapakia, akawashusha karibu na mji na kuwavika nguo. Wala hakuacha kuwatazama wao na wengine mfano wao mpaka Mwenyezi Mungu alipoondoa dhiki ile.

Na yeye mwenyewe? Alikuwa amezoea samli na maziwa na nyama; akajiharimishia vyote mpaka watu wapate mvua. Akawa akila mkate kwa mafuta ya zeituni. Alikuwa mtu mweupe, rangi yake ikageuka ikawa nyeusi, na tumbo lake likawa likinguruma, naye akiligonga kwa kidole na kuliambia kuwa halitapata kitu kingine mpaka watu wapate. Siku moja mtumishi wake aliona sokoni mfuko wa samli na kiriba cha maziwa, akavinunua kwa dirhamu 40, akafurahi kumletea bwana wake. Sayyidna Umar akaviona ghali mno, akaamuru vitolewe sadaka vyote viwili, akaeleza kwamba hawezi kuyajali mambo ya raia asipoguswa na lile linalowagusa. Na siku nyingine walichinja ngamia wa kuwalisha watu, wapishi wakamwekea vipande vizuri vya nundu na ini. Akauliza vilikotoka, alipojua akajilaumu kuwa atakuwa liwali mbaya kama atakula kizuri na kuwaachia watu mifupa. Akataka mkate wake na mafuta yake, kisha kabla hajala akakumbuka watu wa nyumba moja huko Thamgh ambao hajawafikia kwa siku tatu, akawapelekea hicho nacho.

Habari moja ni ndogo lakini yaonyesha hali ya nyumba yake. Alimwona mtoto wake mdogo ana kipande cha tikiti mkononi. Akamkemea, vipi mtoto wa Amirulmuminina ale matunda na umma wa Muhammad umekonda. Mtoto akakimbia akilia. Wakauliza, ikabainika kuwa alilinunua kwa kokwa za tende alizookota, konzi moja.

Katika mwaka huo alifanya mambo mawili ya sharia ambayo mafakihi wameyazungumza sana. La kwanza, hakumkata mkono mwizi aliyeiba kwa njaa. Hakuiondoa hukumu ya Mwenyezi Mungu, kama wasemavyo wasiojua. Bali hukumu ina masharti, na dharura ya njaa ni shubuha, na hadi huzuiliwa kwa shubuha. Mfano wake ni hukumu aliyoipitisha juu ya watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa. Waliiba ngamia wa mtu wa Muzaina wakamchinja, na walikwisha amrishwa kukatwa. Kisha Sayyidna Umar akafahamu kwamba bwana wao huwaweka na njaa. Akawaacha, akamgeukia bwana wao. Akamwuliza mwenye ngamia thamani yake, akajibu kuwa aliikataa dirhamu 400. Basi Hatib akalipishwa 800. La pili, aliiakhirisha zaka ya wanyama mwaka huo, asipeleke wakusanyaji kwa watu ambao hawana wanyama. Ulipokuja mwaka wa pili nao wamekwisha pata neema, akawaamuru wakusanyaji wachukue zaka ya miaka miwili: moja waigawe pale pale kwa mafakiri wa kabila lile, na ya pili wamletee.

Na akiba haikuwa nyingi. Alinuia, lau ukame ungalizidi, kuitia katika kila nyumba ya Waislamu hesabu ya wenye njaa sawa na hesabu ya watu wa nyumba ile, wakagawane kilichopo. Aliona kwamba watu hawafi kwa kula nusu ya matumbo yao. Haukufika wakati huo. Alitoka na watu kwenda kusali sala ya kuomba mvua, akamtanguliza Bwana Abbas, ami yake Mtume, aombe dua, na mvua ikanyesha. Ardhi ilipohuika, wale wasimamizi wa pande za mji wakapewa kazi ya kuwarudisha watu makwao, kila watu na chakula cha njiani na wanyama wa kuwachukua. Wasimulizi wasema Sayyidna Umar aliwatoa mwenyewe machozi yakimtiririka.

Baada ya hayo ndiyo habari ya daftari. Wenye tarehe wamehitilafiana: wako wasemao ni mwaka 15, na wako wasemao ni mwezi wa Mfunguo Nne mwaka 20, nao ni mwaka 641 kwa Miladi. Sababu yake yasemekana ni Abu Huraira aliyekuja kutoka Bahrein na dirhamu 500,000. Sayyidna Umar hakusadiki kuwa mtu anaweza kuleta mali kiasi hicho; akamwambia amechoka, aende akalale arudi asubuhi. Asubuhi hesabu ikawa ile ile. Ndipo akapanda mimbari akawauliza watu kama wataka wapimiwe mali hiyo au wahisabiwe. Akashauriwa atie daftari kama wafanyavyo wafalme wa nchi nyingine, wajulikane watu kwa majina. Akawaita watu watatu walio hodari wa nasaba za Kureshi, Aqil bin Abi Talib na Makhrama bin Naufal na Jubair bin Mut'im, waandike watu kwa daraja zao.

Waandishi hao walianza na Bani Hashim, kisha jamaa za Sayyidna Abubakar, kisha Bani Adi jamaa za Sayyidna Umar, kwa mpango wa ukhalifa. Alipoutazama akasema kwamba angependa iwe hivyo, lakini waanze na wa karibu ya Mtume kisha aliye karibu baada yake, na wamweke Umar mahali Mwenyezi Mungu alipomweka. Bani Adi wakamjia. Wakamkumbusha kuwa yeye ni Khalifa wa Mtume na Khalifa wa Abubakar, basi kwa nini asijiweke palipowekwa na waandishi wale. Akawajibu kwamba wao wataka kula mgongoni pake, na yeye ampe mema yake kwa ajili yao. Haiwi, watangoja hata lifunguliwe daftari walipo, ingawa majina yao yawe ya mwisho. Kwa watu wetu wa mwambao, ambao mtu akipata daraja mlango wake wote huja kukaa barazani pake, ni vema maneno haya yasomwe kwa sauti.

Fungu hilo la kila mwaka ndilo liitwalo atiya. Waliohudhuria Badri waliandikiwa dirhamu 5,000. Waliosilimu na kupigana baada yao, hata wakati wa Hudaibiya, 4,000. Kisha wengine kwa kupungua. Wake wa Mtume walipata zaidi ya wote, kutoka 10,000 hata 12,000. Hasan na Husein wakatiwa pamoja na watu wa Badri kwa ajili ya babu yao. Mwanawe Abdulla alipewa pungufu kuliko Usama bin Zaid. Akalalamika, maana Usama hakumtangulia kwenye vita vyovyote. Babaye akamjibu kuwa Zaid alipendwa na Mtume kuliko Umar, na Usama alipendwa kuliko Abdulla.

Pamoja na fedha kulikuwa na chakula cha kila mwezi, na kiasi chake hakukikisia kichwani. Aliamuru kibaba cha Waarabu kiitwacho jaribu cha unga kikandwe na kuokwa, kikatiwa mafuta, wakaitwa watu thelathini wakala mchana wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo. Watu thelathini kwa siku moja ni sawa na mtu mmoja kwa siku thelathini. Basi kila mtu, mwanamume na mwanamke na mtumwa, akawekewa jaribu mbili kwa mwezi.

Mwanzo, mtoto hakuandikiwa kitu mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja walitelemka wafanya biashara kando ya mji, Sayyidna Umar na Abdurrahman bin Auf wakaenda kuwalinda. Akasikia mtoto analia, akamwendea mamaye akamwambia amwangalie mtoto wake. Akarudi, akasikia tena, akamwendea tena. Mwisho wa usiku akasikia mara ya tatu, akamkaripia yule mwanamke kuwa ni mama mbaya. Naye, asimjue aliye mbele yake, akamweleza kwa hasira kwamba anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, kwa kuwa Umar hampi atiya ila aliyeachishwa. Akamwuliza umri wa mtoto. Akamtajia miezi michache. Asubuhi ile alisalisha watu na kisomo chake hakisikilikani vizuri kwa kilio, na alipotoa salamu akajilaumu kwa watoto wa Waislamu aliowaua pasi na kujua. Mpigambiu akatoka kutangaza mjini kuwa watu wasiwaharakishe watoto kuachisha, kila azaliwaye ataandikiwa tangu siku ya kuzaliwa, na barua zikaenda nchi zote. Mtoto mchanga akawa na dirhamu 100, zikizidi kadiri anavyokua, na mtoto aliyeokotwa akawa na 100 vile vile. Amri ile ya kwanza haikutoka kwa ubaya. Ilikuwa na hesabu yake. Lakini aliyeiandika hakuwa ameona itakavyofika kwenye kifua cha mama.

Wala hakuwasahau wasio Waislamu. Alimkuta mzee Myahudi kipofu akiomba mlangoni, akamwuliza kilichomfikisha hapo, akajibu: jizia, na haja, na uzee. Akamshika mkono akampeleka nyumbani akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mwekaji wa Baitulmali akamwamuru amtazame huyo na mfano wake. Aliona si insafu kula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Jizia ikaondolewa kwake na kwa wazee wengine kama yeye.

Katika kugawa hakupenda watu waje kunyenyekea kwake. Alilichukua daftari la Khuzaa mwenyewe mpaka Qudaid, akawapa wanawake mikononi mwao, bikira na mjane, asikose hata mmoja. Kisha akaenda Usfan akafanya kama hivyo. Akafanya hayo mpaka kufa kwake.

Walioipokea mali hiyo hawakuwa namna moja. Bibi Zainab binti Jahshi, mke wa Mtume, ilipomjia mara ya kwanza alidhani ameletewa aigawe, akasema wenziwe waweza kazi hiyo kuliko yeye. Alipoambiwa yote ni yake alistaajabu, akaifunika kwa nguo, akamwamuru mjakazi atie mkono achote, ampelekee fulani na fulani katika jamaa zake na mayatima, mpaka ikabaki kidogo chini ya nguo. Kisha akaomba atiya ya Umar isimkute tena. Akafa mwaka 20. Na Hakim bin Hizam alikataa kabisa kupokea, kwa ahadi aliyomwekea Mtume ya kutochukua kitu kwa mtu. Sayyidna Umar akawashuhudisha Waislamu kuwa amempelekea haki yake naye ameikataa. Haki, si hisani: ndiyo maana alitaka mashahidi.

Huyu Hakim ana kisa kingine. Baada ya Misri kufunguliwa, mfereji wa zamani kutoka Nili mpaka bahari ya Qulzum ulichimbwa upya, ukaitwa Mfereji wa Amirulmuminina, na nafaka ya Misri ikawa ikija kwa majahazi mpaka bandari ya Al-Jar, karibu na Madina. Watu wakiandikiwa haki zao za chakula huko. Hakim akanunua chakula kilichoandikiwa watu, akakiuza kabla ya kukipokea. Habari ikamfikia Sayyidna Umar, akaubatilisha uuzaji ule, akamkataza kuuza chakula alichokinunua mpaka akikabidhi. Miaka baadaye, Marwan bin Al-Hakam alipokuwa liwali wa Madina, mambo yalirudi kwa ukubwa zaidi: watu wakawa wakiuziana hati za chakula cha Al-Jar mkono kwa mkono, na chakula chenyewe kiko ghalani. Zaid bin Thabit na sahaba mwingine wakaingia kwa Marwan wakamwuliza kama ameihalalisha riba. Akapeleka askari wazinyang'anye hati zile na kuwarudishia wenyewe. Imamu Malik aliziandika habari hizi zote mbili katika Muwatta, na wanafunzi wa fikihi huzikuta katika mlango wa uuzaji, bila ya kujua kuwa chimbuko lake ni unga wa watu wenye njaa.

Liko jambo moja ambalo si la kufichwa. Sayyidna Abubakar aliwagawia watu sawasawa, akaona kwamba waliotangulia katika Uislamu ujira wao uko kwa Mwenyezi Mungu, na dunia hii ni maisha tu, usawa ndani yake ni bora. Sayyidna Umar hakuwaona sawa aliyepigana dhidi ya Mtume na aliyepigana pamoja naye, akawapandisha wengine juu ya wengine. Kila mmoja alikuwa na ijtihadi yake. Lakini fedha zikilundikana mikononi mwa wachache miaka mingi hugeuka utajiri, na utajiri hugeuka daraja. Na mwisho wa umri wake yeye mwenyewe aliliona hilo, akaazimia kuwa akiishi mpaka mwaka ujao atawasawazisha watu, wa mwisho wao awe kama wa mwanzo. Imamu Shafii naye, alipozipima rai mbili hizi, alichagua usawa.

Mwaka ule hakuufikia. Mwisho wa Mfunguo Tatu mwaka 23, nao ni mwaka 644, alipigwa jambia katika sala ya alfajiri na Abu Lulua, mtumwa wa Al-Mughira bin Shuuba. Akiwa kitandani, damu inamtoka, alimwamuru mwanawe Abdulla aangalie deni lake. Wakalihisabu, likawa kadiri ya 86,000, na wasimulizi wataja kuwa ni mali aliyoikopa katika Baitulmali. Akamwusia alilipe katika mali ya jamaa zake. Isipotosha aombe Bani Adi. Isipotosha aombe Kureshi, wala asiwapite akaenda kwa wengine. Kisha akamtuma kwa Bibi Aisha kumwombea ruhusa azikwe pamoja na sahibu zake wawili, na Bibi Aisha akakubali.

Hakuzikwa mpaka Abdulla alipokwisha kulichukua deni lile juu ya shingo yake, mbele ya watu wa shauri na Ansari. Nyumba yake ikauzwa, ikaitwa kwa muda mrefu Nyumba ya Malipo. Wala Ijumaa moja haikupita baada ya maziko, illa Abdulla aliichukua mali akampelekea Sayyidna Uthman, na akaleta mashahidi kwamba babaye amelipa.